Fundi wa sauti anaabudu saa ngapi?

FundiWaLikoni

Bwana Yesu asifiwe, ndugu na dada. Nimekuwa msomaji tu hapa kwa muda mrefu. Leo nina swali linaloninyima usingizi, na naomba mnijibu kwa ukweli, msinibembeleze.

Kazi yangu ya wiki nzima ni ufundi umeme: nyaya za nyumba, pampu za maji, panka, friji za wauza samaki. Jumapili mimi ndiye mshika mitambo ya sauti kanisani kwetu, huku Likoni. Nilianza nikiwa kijana, wakati kanisa lina spika mbili na maiki moja ya waya. Sasa tuna maiki nane, kinanda, gitaa la besi, ngoma, na miksa, ile meza ya vitufe vya kusawazisha sauti, ninayoitunza kuliko pikipiki yangu. Nafika kabla ya watu wote isipokuwa mama anayefagia. Hewa ya huku mnaijua, chumvi inakula kila kitu cha chuma. Kwa hiyo kila wiki nafungua vichwa vya waya, nasugua kutu, napaka dawa, nafunga tena. Nisipofanya hivyo, maiki ya mwimbishaji inaanza kukwaruza katikati ya wimbo na ibada nzima inageuka nyuma kunitazama.

Mwezi huu tunafundishwa juu ya kumwabudu Mungu kwa moyo wote. Mhubiri alitusomea Kumbukumbu la Torati 6:5, kumpenda Bwana kwa moyo wote, kwa roho yote na kwa nguvu zote. Somo nililipokea. Kisha akasema kwamba mtu anayeingia nyumbani mwa Mungu huku akili yake iko kwenye shughuli nyingine, huyo amehudhuria tu, hajaabudu. Akatuambia tufumbe macho, tuinue mikono, tusahau kila kitu. Ukumbi mzima ukafumba macho. Mimi yangu yalikuwa wazi, na kidole kiko juu ya kitufe cha maiki ya tatu, kwa sababu dada anayeishika akizidiwa na furaha huisogeza mbele ya spika, na ikifika hapo inalia mlio wa kutoboa masikio.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Kanisani mimi sifumbi macho. Wimbo ukiisha naweza kukwambia kwamba sauti ya pili ilikuwa chini, besi ilikuwa ikivuma upande wa madirishani, betri ya maiki ya mchungaji imebaki kidogo. Lakini ubeti wa tatu ulisema nini? Pengine niliusikia kama sauti tu, si kama maneno. Stima ikipotea, watu huendelea kuimba kwa makofi gizani, na baadaye wanasema hakujawahi kuwa na ibada tamu kama ile. Wakati huo mimi niko nyuma ya kanisa navuta kamba ya jenereta. Machi 2020 makanisa yalipofungwa, tulibaki wachache ndani ya ukumbi wa viti vitupu, tukirusha ibada kwa simu. Waumini walitushukuru kwamba waliabudu wakiwa majumbani kwao. Mimi muda wote nilikuwa nachunga mtandao usikatike.

Nampenda Mungu, hilo sina shaka nalo. Kuna bibi mmoja kwetu mwenye sauti nyembamba sana. Siku akisimama kushuhudia, nakaza na kulegeza kila kitu mpaka mtu aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango alisikie neno lake la mwisho. Likifika, kifua changu kinajaa. Ila sijui kama hiyo ni ibada, au ni raha ya fundi anapoona kazi yake imekaa sawa.

Na jambo hili halinihusu peke yangu. Nina kijana ninayemfundisha, ana sikio zuri kuliko langu. Baada ya mahubiri yale alinirudishia funguo za kabati la mitambo akasema, "Kaka, mimi nataka kuabudu." Akaenda kuketi na wenzake. Sikuwa na neno la kumjibu. Wala sitaki kumtafutia maneno ya kumrudisha kwa sababu tu nahitaji msaidizi.

Niambieni basi, mtu wa namna yangu anaabudu saa ngapi?

DadaBamburi

Kaka, asante kwa kuuliza kwa niaba ya wengi.

Mimi nina mtoto anayeanza kukimbia. Ibada yangu yote iko kwenye chumba cha akina mama, nyuma, penye kioo. Mchungaji namwona midomo ikicheza, simsikii. Ninachosikia ni panka na vilio vya watoto. Siku nyingine natoka naye nje, nazunguka chini ya mwarobaini nikiimba wimbo unaoimbwa ndani, kwa kukisia wamefika wapi.

Kama ni nusu ibada, sijui. Ninachojua ni kwamba nikikaa nyumbani wiki mbili tatu moyo wangu unakauka, na nikija, hata kwa kuzunguka mwarobaini, haukauki. Nafuatilia majibu.

MamaWaKengeleni

Mwanangu fundi, na wewe binti wa Bamburi, amani ya Bwana iwe nanyi. Nimelisoma swali polepole na nitajibu kwa urefu, mniwie radhi.

Mimi ni Mwanglikana, nimezaliwa Freretown. Wazee wa babu zetu waliletwa hapa walipotolewa utumwani, miaka ya 1870, misheni ya CMS, wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, ilipoanzisha kijiji hiki kwa ajili ya watu walioachwa huru. Kengele iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha watu bado ipo pale njia panda, ndiyo maana mahali panaitwa Kengeleni. Matatu zote zinapataja, na wengi wanaoteremka pale hawajawahi kuinua macho kuitazama. Mimi kila nikipita namfikiria aliyeshika zamu ya kengele. Wenzake wakiwa wamepiga magoti, yeye ilimpasa awe macho, kwa sababu akisinzia, wanaoomba watakamatwa. Sioni vipi mtu anaweza kuniambia kwamba huyo hakuwa ndani ya ibada yao.

Sasa twende kwenye Maandiko, maana swali lako linataka Maandiko.

Fungua 1 Mambo ya Nyakati 23. Daudi amezeeka, anawapanga Walawi kwa kazi za nyumba ya Bwana. Wanahesabiwa 38,000. Kati yao 24,000 wanasimamia kazi za nyumba, 6,000 ni maakida na waamuzi, 4,000 ni mabawabu, na 4,000 wanamsifu Bwana kwa vinanda. Simama hapo kwanza. Mabawabu ni 4,000, waimbaji ni 4,000. Walio mlangoni ni wengi sawasawa na walio kwenye vinanda. Na ukirudi sura ya 9 utawakuta wengine zaidi: wapo wa kuhesabu vyombo vinapoingizwa na vinapotolewa, wapo wa kutengeneza manukato, yupo mmoja, Matithia, amewekwa juu ya mikate inayookwa kaangoni. Jina lake liko ndani ya Biblia kwa sababu ya kaango. Kila niisomapo sura hiyo nafurahi, kwa sababu naona Mungu aliwaandika wote, na hakusema hawa wanaabudu na hawa wanasaidia wanaoabudu.

Kisha angalia mabawabu walikuwa wa ukoo gani. Wengi walikuwa wana wa Kora. Unamkumbuka Kora wa Hesabu 16? Yeye naye alikuwa na kazi katika hema la Bwana, akaiona ndogo, akataka ukuhani. Musa alimuuliza waziwazi: je, ni jambo dogo kwenu kwamba Mungu amewaleta karibu naye mtumike katika maskani yake? Kora aliangamia, lakini Hesabu 26:11 inasema wanawe hawakufa. Vizazi vikapita, na ukoo huohuo ukapewa milango ya nyumba ya Mungu. Na Zaburi ya 84, ile inayosema afadhali kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu kuliko kukaa katika hema za uovu, kichwa chake kinasema ni zaburi ya wana wa Kora. Yaani walioimba hivyo ni watu wa ukoo ulioishika hiyo milango. Baba yao aliidharau kazi ya mkono, wao wakaiimbia zaburi.

Kwa hiyo, mwanangu, usiidharau kazi yako. Bezaleli katika Kutoka 31 alijazwa Roho wa Mungu ili awe fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Roho yuleyule. Haikuandikwa kwamba alijazwa Roho kisha akaacha nyundo aende kuabudu.

Ila mhubiri wako nisimvunjie heshima, ana neno la kweli mkononi. Isaya alisema, na Bwana wetu akalirudia katika Mathayo 15, kwamba watu wanamheshimu Mungu kwa midomo na mioyo yao iko mbali. Hatari hiyo ipo kila Jumapili. Lakini soma Bwana alikuwa akiwaambia akina nani, na juu ya jambo gani. Aliwaambia watu waliokuwa wakiwanyima baba zao na mama zao msaada, kisha wakisema mali ile wameiweka iwe sadaka kwa Mungu. Moyo wao ulikuwa mbali kwa sababu walifanya ibada iwe mahali pa kukwepa upendo. Wewe unakaza vitufe ili neno la bibi mwenye sauti nyembamba limfikie mtu wa kiti cha mwisho. Hayo ni mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja.

Uliuliza kama ni raha ya fundi. Nani alikwambia raha hiyo Mungu hayumo? Mimi kwa miaka mingi nimekuwa mtunza vyombo vya madhabahu. Vinara vya shaba nilikuwa nikivisugua kwa ndimu na majivu, kama mama yangu alivyosugua sinia zake. Vitambaa navifua mwenyewe, napiga pasi, nakunja kwa namna ile ile. Kinara kikianza kung'aa nafurahi, na furaha hiyo nampa Mungu hapo hapo, kwa maneno, kwa sauti: Bwana, hiki ni chako, na furaha hii ni yako. Paulo aliwaandikia watumwa wa Kolosai, watu wasiochagua kazi zao, kwamba lo lote walifanyalo walifanye kwa moyo kama kwa Bwana. Kama mtumwa jikoni kwa bwana wake aliweza kuambiwa hivyo, wewe kwenye miksa unashindwa na nini?

Kinachogawanya moyo ni vitu vingine. Kama umenuna na mpiga kinanda tangu mwezi jana na mnapeana waya bila kusalimiana, hapo moyo umekatika, hata ufumbe macho mpaka machozi yatoke. Mathayo 5 inasema iache sadaka yako, uende kwanza upatane na ndugu yako. Kama unafanya kazi ile ili watu waseme bila wewe kanisa halisikiki, hapo pia umekatika. Haya yachunguze mwenyewe, mimi sikujui.

Na yale maneno usiyoyasikia, yana dawa. Muombe mwimbishaji orodha ya nyimbo mapema. Siku unaposugua vichwa vya waya, soma beti zote kwa sauti. Ubeti wa tatu utakaokupita Jumapili uwe umeshauomba Ijumaa. Mimi zaburi nyingi nilizo nazo kichwani zilinijia mikono ikiwa na majivu.

Huyo kijana usimfukuzie. Kusema "nataka kuabudu" ni neno jema, mwache aketi ashibe. Mtu aliyeshiba ndiye anayerudi kutumika bila manung'uniko.

MwimbishajiMtwapa

Shikamoo mama. Umenipa vitu vya kusoma wiki nzima, hasa hilo la wana wa Kora. Lakini naomba ruhusa nikupinge kidogo, na nitatumia sura zako zile zile.

Mimi huongoza sifa na kuabudu huku Mtwapa. Ninafanya kazi na akina fundi kila wiki, nawapenda, na ninachokiona kinanitia hofu. Wapo wapiga vyombo na mafundi ambao hawajaketi kulisikia neno kwa muda mrefu sana. Nyimbo zikiisha wanatoka nje. Ukiwauliza wanasema, "sisi tunatumika." Utumishi umekuwa pazia. Mtu amechoka rohoni, amekauka, ana dhambi inayomtafuna, na hakuna anayejua kwa sababu kila Jumapili anaonekana yuko kazini kwa Mungu. Huyu hahitaji kuambiwa kwamba kukunja waya ni ibada. Anahitaji kunyang'anywa ule waya kwa siku moja.

Sasa mama, 1 Mambo ya Nyakati 9:25. Mabawabu walikuwa na ndugu zao vijijini, nao walikuja kwa zamu, siku saba saba. Sura ya 25, waimbaji hodari walikuwa 288, wakagawanywa zamu 24, kila zamu watu 12. Makuhani nao sura ya 24, zamu 24. Wengi wao hawakuwa pale mwaka mzima bila kupumzishwa. Mungu aliyewaandika kwa majina ndiye aliyewapangia siku za kurudi nyumbani. Fundi wetu wa Likoni tangu ujana wake hana zamu. Kosa hilo silioni kwake, naliona kwa viongozi wanaomsifu kwa uaminifu na hawamtafutii mtu wa kumpokea.

Halafu kuna Martha wa Luka 10, aliyehangaika na utumishi mwingi huku dada yake Mariamu ameketi akimsikiliza Bwana. Najua tumemchosha kwa mahubiri, ila Bwana alimwambia kweli kwamba anasumbukia vitu vingi, na Mariamu alichagua fungu lililo jema. Kuna wakati wa kuketi miguuni pake ukiwa huna kitu mkononi, huna faida kwa mtu ye yote, huna sifa ya kupewa. Daudi alipocheza mbele ya sanduku la Bwana katika 2 Samweli 6 alikuwa amevaa naivera ya kitani, si mavazi ya kifalme, na mkewe Mikali akamdharau kwa hilo. Alikubali kutokuwa mfalme mbele za Bwana. Je, fundi anaweza kukubali kutokuwa fundi mbele za Bwana, hata Jumapili moja kwa mwezi? Nauliza kwa upendo, kaka. Kwangu mimi moyo wote maana yake ni pamoja na sehemu ile ya moyo isiyojua kufanya kazi.

MlinziKizingo

Mimi ni mlinzi wa usiku, geti la nyumba za watu huku Kizingo. Jumapili nikikabidhi zamu naenda moja kwa moja Misa ya asubuhi, kanisa kuu la Roho Mtakatifu pale Nkrumah Road. Kuna siku mahubiri yananipitia nikiwa nasinzia. Lakini kusimama nasimama, kupiga magoti napiga, kujibu najibu, kwa sababu Misa imenifundisha mwili wangu tangu utotoni. Akili ikichoka, mwili unaibeba.

Someni Zaburi 134. Ni mistari mitatu tu. Inawaita watumishi wa Bwana wanaosimama nyumbani mwake usiku wamsifu. Padri mmoja alinionyesha nilipomweleza habari za kusinzia. Tangu hapo saa nane za usiku, nikizunguka ukuta na tochi, naisema kwa moyo. Naamini Mungu ananihesabu pamoja na waimbaji wake saa hiyo, na ikifika asubuhi simletei Mungu usingizi peke yake, namletea na usiku wangu mzima.

MamaWaKengeleni

Marahaba mwanangu wa Mtwapa. La zamu umenishinda, na nimefurahi kushindwa na Maandiko. Mpeni fundi zamu.

Ila Martha nitamtetea. Rudi kwa Yohana 12. Ni Bethania tena, nyumba za watu wale wale, Lazaro ndugu yao amefufuliwa, wamemwandalia Bwana karamu. Mstari wa pili unasema Martha alikuwa akitumika. Usiku huo huo Mariamu alimpaka Bwana miguu kwa marhamu ambayo Yuda alisema ingeuzwa dinari 300. Martha anatumika, Mariamu anamimina marhamu, na Bwana hamkemei hata mmoja wao. Anayekemewa ni Yuda. Katika Luka shida haikuwa chakula, ilikuwa fadhaa, na kumwangalia dada yake kwa jicho la kulaumu. Nadhani kati ya Luka 10 na Yohana 12 mama yule alimzika ndugu yake, akamwambia Bwana usoni kwamba angalikuwapo ndugu yake hangalikufa, akapokea jibu, na akarudi jikoni akiwa mtu mwingine. Sufuria zile zile, moyo umetulia.

Na mlinzi wa Kizingo, ubarikiwe. Usiku wako nimeupokea kama somo.

FundiWaLikoni

Mama shikamoo, na ndugu zangu wote asanteni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya, ndipo niseme.

Orodha ya nyimbo niliomba. Ijumaa nilizisoma beti zote nikiwa na kitambaa na chupa ya dawa ya kutu. Ubeti mmoja ulinisimamisha kazi nikakaa chini. Jumapili ulipoimbwa nilikuwa naangalia taa za miksa kama kawaida, lakini nilijua kinachoimbwa kabla hakijaimbwa, na nilikubaliana nacho. Macho yalikuwa wazi. Sikujiona nimesimama nje ya ibada.

Mpiga kinanda tumepatana tangu zamani, mama, lakini lile swali lako lilinigusa mahali pengine, nimeshakwenda kuongea na mtu huyo.

Kaka wa Mtwapa, maneno yako yalikuwa magumu kwangu kuliko ya mama, na nimeyakubali. Nimezungumza na mzee wa kanisa juu ya zamu. Amekubali haraka, alisema hakuna aliyewahi kuomba. Kilichobaki ni hofu moja. Nikiketi na watu, masikio yangu hayatanyamaza. Spika ikianza kuvuma nitaigeukia. Nitakuwa nimeacha mitambo kwa mikono, si kwa masikio. Mtu anafanyaje?

MwimbishajiMtwapa

Mwanzoni itakusumbua. Keti mbele, mbali na mitambo, na uketi na familia yako. Shemeji atafurahi kuimba akiwa na wewe ubavuni. Halafu usijilazimishe kuhisi kitu cho chote. Nenda tu, keti, pokea.

MamaWaKengeleni

Masikio ni ya Mungu pia, alikuumbia mwenyewe. Spika ikivuma, muombee aliyeishika siku hiyo, jina lake kwa jina lake, kwamba atulie na aione sauti inayovuma ni ipi. Ukimaliza kumuombea rudi kwenye wimbo. Ikivuma tena, muombee tena. Nakwambia utatoka umeomba sana siku hiyo.

FundiWaLikoni

Amina mama. Hilo nitalifanya, na anayeombewa huenda akawa yule kijana. Nilimwendea bila kumwomba arudi. Nilimsomea 1 Mambo ya Nyakati 23 na Zaburi 84, nikamwambia aketi mwezi mzima kama anavyotaka, kisha akiona vyema tugawane, mmoja ibada ya kwanza, mwingine ya pili, ili kila mmoja wetu aketi na atumike Jumapili hiyo hiyo. Amesema ataomba kwanza. Funguo bado ninazo mimi, na sina haraka.

Dada wa Bamburi, chumba chenu cha akina mama hakina spika? Hilo ni jambo la waya mmoja kutoka kwenye miksa na spika ndogo ya ukutani. Zungumza na wazee wenu wakuruhusu. Wakikubali niandikie hapa, nivuke na vifaa siku yo yote ya katikati ya wiki. Spika ndogo ninayo, imekaa tu kabatini, na kazi hiyo sitatoza.

DadaBamburi

Kaka! Nimeongea na mama mchungaji leo hii, amesema uje hata kesho. Kutoka mitambo ilipo mpaka chumbani ni upande mzima wa ukumbi, na ukuta wa kati ni wa mawe. Njoo na drili. Chakula cha mchana ni juu yetu akina mama.